Mama Yake Zain

Wengi wenu mlikuwepo vijana walipotundika shuka jeupe katika ukumbi wa parokia, tukatazama Capernaum, filamu ya mwaka 2018 ya Nadine Labaki wa Lebanoni. Kwa ambaye hakufika: Zain ni mtoto wa mitaa duni ya Beirut, mwenye umri wa kukisiwa, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa. Anawashtaki wazazi wake mahakamani kwa kumleta duniani. Aliyemwigiza, Zain Al Rafeea, mwenyewe alikuwa mtoto mkimbizi kutoka Syria.

Tulipoanza kuzungumza, maneno yetu yalikuwa makali. Mama gani huyu, aliyekubali binti yake Sahar aozeshwe angali mtoto, hata akafa? Hasira hiyo ni ya haki.

Ila ipo sehemu tuliyoipita upesi, nami naomba turudi hapo polepole. Mahakamani mama yule, Souad, anamgeukia wakili wa mwanawe na kumwuliza kama amewahi kuishi maisha kama yake, ya kuwapa watoto maji na sukari kwa kukosa kingine. Wakili hana jibu. Na wakili huyo ameigizwa na Labaki mwenyewe, mwenye filamu. Naupenda sana uamuzi huo: amekubali swali limfikie na yeye.

Je, kumsikiliza Souad ndiyo kumsamehe? Sidhani. Kosa lake linabaki kosa, na Sahar harudi. Lakini msamaha tutauanzia wapi, ikiwa hatujakaa tukamsikia? Katika Kapernaumu ya Injili, watu wanne walitoboa paa wakamshusha mwenzao aliyepooza. Kazi yao ilikuwa kumfikisha tu. Habari ya dhambi zake walimwachia Bwana.

Mama mmoja alituuliza mbona hatumtaji Rahil wa filamu hiyo, Mwethiopia afanyaye usafi Beirut bila kibali, akimficha mwanawe mchanga chooni kazini. Swali lilitugusa, maana mabinti zetu nao huenda Lebanoni na Ghuba kufanya kazi za ndani, chini ya mfumo wa kafala unaofunga kibali chao cha kuishi kwa mwajiri mmoja. Hao tunawaombea kila wiki. Na dada anayetulelea watoto hapa kwetu, mwanawe amemwachia nani? Tumewahi kumwuliza? Jumapili baada ya misa mazungumzo yanaendelea. Kama dada huyo naye atapenda, njooni pamoja.