DENI LAKO LIMESHALIPWA!



Karatasi hii imekufikia mkononi, labda Mbagala Rangi Tatu ukisubiri daladala, labda Manzese, labda uko zako sokoni Tandika. Usiifungie karanga kabla hujaisoma. Nina swali moja tu: ukifa usiku wa leo, Mungu akupokee kwa sababu gani?

Wengi wanajibu: mimi sinywi pombe, nafunga, natoa fungu la kumi, sivai hereni. Wengine wanasema: nitaokoka, lakini ngoja kwanza niache sigara, ngoja nifunge ndoa, ngoja nipate nguo ya kuendea kanisani. Jamani, hawa wote wana ugonjwa mmoja. Wote wanataka KULIPA. Wa kwanza anafikiri ameshalipa, wa pili anaona hela haijatosha.

1. SHERIA INAONYESHA, HAIPONYI
Mtu akianguka na pikipiki akavunjika mguu, hospitali wanampiga picha ya eksirei. Picha inaonyesha mfupa umevunjika wapi. Ni picha ya kweli, haina kosa. Lakini hebu ichukue uifunge kwenye mguu, je, utapona? Haiwezekani! Unamhitaji daktari. Ndivyo ilivyo sheria ya Musa. Ni takatifu, nayo inakuonyesha dhambi yako (Rum. 3:20). Kazi yake ni kukupeleka kwa Yesu (Gal. 3:24). Ukibaki na picha tu, utabaki na maumivu yako.

2. DAFTARI LIMEPIGWA MSTARI
Unalijua daftari la mangi pale dukani. Umekopa unga, umekopa sabuni, mpaka unapita njia ya nyuma asikuone. Sasa akitokea mtu akalipa deni lote, mangi anapiga mstari, imekwisha. Kesho ukienda na elfu mbili kulipia deni lile lile, si utakuwa unamwambia yule aliyelipa kwamba hela yake haikutosha? Yesu aliichukua hati ya deni letu akaigongomea msalabani (Kol. 2:14). Na Paulo anasema wazi, kama haki ingepatikana kwa sheria, basi Kristo alikufa bure (Gal. 2:21).

3. HATA WALIOOKOKA WALIPATA MTIHANI HUU
Soma Matendo 15. Watu walishuka Antiokia wakawaambia wapendwa kwamba bila kutahiriwa hawawezi kuokoka. Mitume wakakutana Yerusalemu, Petro akasimama akakataa: tunaokolewa kwa neema, Wayahudi na mataifa sawasawa.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilitokea. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, Mganda mmoja Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia wakimtafuta Mungu. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, ukaingia Bukoba kwetu, ukafika Kenya. Watu walitubu hadharani, wakarudisha hata vitu walivyoiba. Utukufu kwa Mungu!

Lakini miaka ya 1970, kule Uganda, ndugu hao hao wakagawanyika. Kundi moja liliona wenzao wamelala, likashika masharti makali, mojawapo kwamba mtu aliyeokoka asiwe na deni. Sikiliza vizuri, kukaa bila deni ni jambo jema sana! Ila sharti jema likigeuzwa kuwa mlango wa mbinguni, linamfungia nje mtu ambaye Yesu ameshamfungulia.

4. BASI TUENDELEE NA DHAMBI?
Hapana! (Rum. 6:1-2). Mwangalie Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko (Luka 19). Yesu hakumwambia rudisha kwanza hela za watu ndipo nije kwako. Alimwita pale pale juu ya mti, akaingia nyumbani kwake. Ndipo Zakayo mwenyewe akasimama akasema atarudisha mara nne. Umeona mpangilio? Neema kwanza, matendo yakafuata. Ukisema umeipata neema halafu bado unapunja mizani na kumpiga mkeo, jipime upya. Neema inatufundisha kuukataa uovu (Tito 2:11-12). Matendo mema ni matunda ya wokovu, siyo bei yake.

5. WEWE JE?
Yule mwizi msalabani hakuwahi kubatizwa. Hakuwa na sadaka, hata mikono ya kuinua hakuwa nayo, ilikuwa imepigiliwa. Alikuwa na mdomo wa kuomba tu, na siku ile ile akaahidiwa peponi (Luka 23:42-43).

Dada uliyeacha ibada kwa kuona aibu, kaka uliyeanguka ukasema Mungu amekuchoka, rudi leo. Rudi na nguo hizo hizo. Usisubiri utakate ndipo uoge.

Omba hivi kwa imani:

“Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Siwezi kulipa deni langu. Naamini ulilipa msalabani ukafufuka. Nisamehe, niokoe bure kwa neema yako, na unipe nguvu ya kuishi maisha mapya. Amina.”

Kama umeomba kwa moyo, mwambie mtu mmoja leo. Anza kusoma Injili ya Yohana, kisha Wagalatia. Tafuta kanisa linalomhubiri Yesu karibu na unapokaa. Ukimaliza, mpe jirani yako karatasi hii.

Mungu akubariki!