Kikombe cha Mama

Ndugu wasomaji, je, ni kosa kukipenda kitu kidogo tulichopewa tukiwa watoto? Twajibu: hapana. Kanisa lenyewe latunza masalio ya watakatifu, na mtu anayeiweka rozari ya mamaye marehemu hamkosei Mungu. Lakini liko swali la pili: kitu hicho chatusaidia kupenda, ama chatuzuia?

Sisi tulipata somo hilo nyumbani mwetu. Siku tulipopokea Komunyo ya kwanza, mama alitununulia sokoni kikombe kidogo cha bati chenye ukingo wa buluu. Mama alifariki tulipokuwa seminarini. Tangu hapo kikombe kilikaa sandukuni, kimefungwa katika kitambaa, wala hakuna aliyekinywea. Siku moja binti yetu alikitoa, akachota maji mtungini, akanywa. Tulimkemea kwa ukali, tukamnyang'anya hata maji yakamwagikia kifuani. Mtoto akalia. Mama watoto hakutugombeza. Alisema tu: «Baba Maria, mama yako alikupa kikombe hiki upate kunywa. Leo wamnyima maji mjukuu wake?»

Usiku ule usingizi ulitupotea. Mchana tulikuwa tumewafundisha wakatekumeni juu ya ufukara wa roho, na jioni tumemliza mtoto kwa sababu ya bati.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyekufa Hispania mwaka 1591, alitoa mfano wa ndege aliyefungwa. Afungwe kwa kamba nene ama kwa uzi mwembamba, ni mamoja: asipoukata, hataruka. Tajiri afungwa na mali yake. Sisi maskini twaweza kufungwa na kikombe.

Naye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, aliyetangazwa mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni, alisimulia kwamba katika chumba chake cha utawa palikuwa na mtungi mzuri. Waliuondoa, wakamwekea mwingine mkubwa uliomeguka-meguka. Akafurahi. Tulipolisoma jambo hilo seminarini, tuliliona dogo mno. Sasa twajua uzito wake.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma, ukateketeza nyumba nyingi na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wengi walikimbia mikono mitupu, na picha za wazazi wao zikabaki chini ya mawe. Mtu wa namna hiyo hakutoa, alinyang'anywa. Anastahili huruma yetu, si mahubiri. Kuachilia kwa kweli ni kwa yule ambaye kitu kingali mkononi mwake, naye akaufungua mkono kwa hiari.

Mwingine atasema: «Kukiachilia ni kumsahau marehemu.» Sivyo. Wafu wetu hawakai sandukuni. Twawakumbuka katika Misa, twawaombea hasa tarehe 2 Novemba, na twawaheshimu tukitenda mema waliyotutendea. Mama alimpa mtoto wake kikombe. Basi anayemfuata ni yule anayempa mtoto kikombe, si yule anayekificha.

Asubuhi tulimwita binti yetu, tukamwomba radhi, tukamkabidhi. Hatusemi kwamba moyo haukuuma. Wiki chache baadaye kikaanguka kisimani, kikabonyea ubavuni, na ukingo wa buluu ukabanduka. Tulinyamaza, lakini kwa shida. Hata leo, tukimwona akikiburuta mchangani, mkono wataka kunyoosha ukichukue.

Wapenzi wasomaji, hatuwaambii mtupe kumbukumbu za wazazi wenu. Twawaomba jambo moja: leo jioni fungueni sanduku, mtazame kile msichopenda kiguswe. Kisha mtazame ni nani nyumbani mnayemkasirikia kwa ajili yake. Ikiwa yupo, anzeni na huyo. Mwenyezi Mungu atupe sote mikono iliyo wazi.