Mshauri na Mwenye Mtaji

Kumshauri kijana anayetaka kuanzisha biashara ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la utaalamu. Mwalimu wa malezi na unasihi, afisa maendeleo ya jamii wa kata na afisa wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) wote hutoa ushauri, lakini hasara ikitokea haiwafiki wao. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mtaji wa kwanza mara nyingi hutokana na ng'ombe aliyeuzwa au kipande cha shamba la familia, kwa hiyo kijana huhatarisha pia mali ya wazazi na ndugu zake. Mshauri basi ana wajibu gani juu ya hatari asiyoibeba?

Dini zina jibu la pande mbili. Katika Injili ya Mathayo, mtumwa aliyefukia talanta kwa woga analaumiwa. Katika Injili ya Luka, anayetaka kujenga mnara hutakiwa kwanza kuketi na kupiga hesabu ya gharama. Uthubutu bila hesabu ni upofu, na hesabu isiyofika kwenye kutenda ni woga uliovikwa hekima. Uislamu nao unafundisha kwamba anayeombwa ushauri amekabidhiwa amana. Kwa msingi huo, mshauri anayesifia mradi ili kumfurahisha kijana, au kujaza taarifa yake mwenyewe ya kazi, amekwisha kuivunja amana hata kama mradi utafanikiwa.

Aristotle alieleza kwamba mtu hutafakari mambo yaliyo katika uwezo wake. Kazi ya mshauri ni kumsaidia kijana kutenganisha yaliyo katika uwezo wake na yasiyokuwemo. Mfano ni kitunguu saumu, zao la biashara linalojulikana sana Mbulu. Mbegu yake ni punje zenyewe, hivyo sehemu ya mavuno haiuzwi bali huwekwa kwa msimu ujao. Wakulima wengi wakivuna pamoja, bei hushuka. Anayeweka ghalani akisubiri bei ipande, mzigo wake hupungua uzito kadiri unavyokauka. Kijana anaweza kuamua apande kiasi gani na auze lini. Mvua na bei ya sokoni haziko mikononi mwake. Mshauri mzuri huyaweka wazi haya yote, kisha huuliza: bei ikianguka, nyumbani mtakula nini?

Historia ya Hanang inaonyesha madhara ya utaalamu usiosikiliza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, baadaye kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Hesabu za ngano zilifanywa na wataalamu, lakini wafugaji wa Kidatoga walipoteza malisho, na mgogoro wa kijiji cha Mulbadaw na NAFCO ulifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kosa halikuwa upungufu wa elimu. Waliobeba gharama hawakuwa na kauli katika uamuzi.

Lipo pia pingamizi kwamba kuwahimiza vijana wajiajiri ni njia ya kuwatwika lawama ya uhaba wa ajira. Pingamizi hilo lina uzito. Katika andiko lake la mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, Nyerere aliona kujitegemea kuwa jambo la jamii inayoshirikiana, wala si la mtu kuachwa ahangaike peke yake. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, inaendana kwa sehemu na fikra hiyo: vijana wametengewa asilimia 4, na kwa kawaida hukopa kwa vikundi. Lakini kikundi kikishindwa kulipa, deni hubaki kwa wanachama.

Kwa hiyo wajibu wa mshauri ni kusema kweli kuhusu gharama, kuwashirikisha wenye mali itakayohatarishwa, na kukubali kwamba uamuzi ni wa kijana. Unajumuisha pia kumwambia asianze, pale hesabu inapokataa, na kurudi kwake baada ya msimu, kwa kuwa ushauri unaoishia siku ya kutoa mkopo humwacha peke yake wakati anapouhitaji zaidi.