Nani Aamue Tuishi Wapi?



Iko filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001, Nirgendwo in Afrika, ambayo Caroline Link aliitengeneza hapa Kenya kutokana na riwaya ya Stefanie Zweig. Mwaka 2003 ilipata tuzo ya Oscar. Itazameni wawili, watoto wakiisha lala.

Walter, wakili Myahudi, anaukimbia utawala wa Hitler na kuja kusimamia shamba huko Rongai. Mwaka 1938 anamwita mkewe Jettel na binti yao. Anamwagiza alete friji, naye mama analeta gauni la karamu! Wanaume wengi hucheka hapo. Lakini mume alikuwa ameshayaona maisha ya shamba; mke hakuwa ameyaona.

Ni kweli, hapakuwa na nafasi ya kushauriana. Ndugu zao waliobaki kule waliuawa. Nyumba ikiwaka moto, baba haiti kikao, huwatoa watu nje. Ila miaka inapita, Jettel anazoea shamba na kuipenda nchi. Vita vinakwisha, Walter anapata kazi ya hakimu Ujerumani, anataka warudi. Safari hii hakuna moto, na ndipo ugomvi unakuwa mkali. Mimi naona mke alikuwa na haki ya kuuliza kama safari hii pia ni kufuata tu.

Kwetu jambo hili si geni. Miaka ya 1940 akina nyanya zetu waliwafuata waume kutoka Machakos hadi makazi mapya ya Makueni, wakati huo pori la mbung'o. Siku hizi baba yuko Nairobi au Mombasa, mama yuko Mutomo au Kathonzweni na ndengu zake na mbuzi, akichota maji kwenye mchanga wa mto. Siku moja simu inalia: "Mama Mutua, nimepata mnunuzi wa shamba. Jiandae, mwezi ujao mnahamia huku." Mama mkwe naye ni mgonjwa, na anayemwogesha ni huyo huyo mama.

Baba atasema yeye ni kichwa cha nyumba. Sawa, lakini kichwa kina masikio pia. Sheria ya Kanisa, kanuni 1151, inawapa wote wawili wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuna sababu halali. Haisemi ni kwa nani. Kwa hiyo hata mama anayekataa kuhama kwa sababu tu amezoea, naye ameamua peke yake. Sheria ya nchi ya 2013 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila kibali cha mwenzi, lakini sahihi huweza kutiwa hata kwa machozi.

Jettel mwishowe alikubali kurudi. Kabla ya hapo nzige walivamia shamba, na Walter, aliyekuwa ameshaondoka, akarudi kuwafukuza pamoja naye.

Baba, ukija likizo ya Desemba, mwache mnunuzi angoje. Zungukeni shamba ninyi wawili, mama atangulie, akuonyeshe alichopanda na alipochimba maji. Halafu mwulize.