Je, Subira Inahitaji Shahidi?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tangu shule ya msingi nimeitumia methali hii katika insha zangu bila kuitilia shaka. Lakini methali haituambii jambo moja: ni nini kinachomfanya mtu aendelee kutia haba yake siku ambayo haoni kibaba kikijaa? Swali hili nililipata kwa dada yangu, na chanzo chake kilikuwa kidonge kidogo cha mzio.

Dada yangu anaishi Uholanzi. Kila mwaka, kuanzia Mei hadi Julai, nyasi za huko huchanua na chavua yake hupeperushwa na upepo. Katika miezi hiyo macho yake huvimba, pua hufunga, na usiku hapati usingizi. Sisi tuliobaki Jinja tulimcheka. "Mafua tu hayo," tulimwambia. Hatukujua kwamba mwaka mmoja alifanya mitihani yake ya mwisho huku karatasi ikilowa machozi. Mzio wa chavua hauui kama malaria, lakini humwibia mtu miezi mitatu ya kila mwaka wa maisha yake.

Dawa za kawaida za mzio hutuliza tu. Ipo tiba nyingine inayojaribu kuubadilisha mwili wenyewe. Mwili wenye mzio hukosea: huiona chavua, ambayo si sumu, kana kwamba ni adui, nao huipiga vita. Mwaka 1911 Leonard Noon, daktari wa hospitali ya St Mary's mjini London, alieleza katika jarida la The Lancet jinsi alivyowadunga wagonjwa maji yaliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo sana na kukiongeza polepole. Wazo lake lilikuwa kwamba mwili ukikutana na kitu kidogo kidogo, mara nyingi, utajifunza kukivumilia.

Sindano hizo zilisaidia wengi, lakini zilikuwa na hatari yake. Mwaka 1986 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliripoti vifo 26 vilivyotokea tangu mwaka 1957. Ndipo juhudi za kutafuta njia isiyo ya sindano zilipopata nguvu. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kuweka dawa chini ya ulimi ni njia mbadala inayofaa. Leo mgonjwa hunywa kidonge cha kwanza mbele ya daktari, akaangaliwa kwa nusu saa, kisha huendelea nyumbani. Mdomo unaweza kuwasha siku za mwanzo, na mwenye pumu kali isiyodhibitiwa hapewi. Faida inayodumu hata baada ya kuacha dawa huhitaji miaka mitatu hivi ya kidonge kimoja kila siku, hata wakati wa baridi ambapo hakuna chavua hewani.

Dada alianza Januari. Julai ile alikuwa na nafuu kubwa. Septemba aliacha. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Nilikuwa mzima. Mtu mzima anakunywa dawa ya nini?" Mei iliyofuata ugonjwa ulirudi.

Nilimhukumu haraka. Nilisema ni uvivu, kwa maana hapa hapakuwa na maumivu, safari wala foleni. Kidonge kilikuwa kando ya mswaki wake. Baadaye nilisoma juu ya watafiti wa Uholanzi waliochunguza rekodi za maduka ya dawa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013. Katika kila wagonjwa 100 waliochagua sindano, 23 tu walifikisha miaka mitatu. Waliochagua dawa ya chini ya ulimi walikuwa 7. Kama dada yangu ni mvivu, basi inanibidi niwaite wavivu watu 93 katika kila 100. Hukumu inayowakumba karibu wote si hukumu tena. Ni dalili kwamba sijaelewa jambo lenyewe.

Sokrate alidai kwamba hakuna mtu anayetenda kinyume cha jema huku akijua kweli kwamba ni jema. Aristotle alimpinga: mtu anaweza kujua lililo bora na bado akashindwa, hasa anaposhawishiwa na raha. Lakini dada hakushawishiwa na raha yoyote. Kuacha kidonge hakuna utamu. Kilichomshinda ni umbali. Maumivu ya Julai hayasikiki mwezi wa Desemba, na mtu atakayefaidika baada ya miaka mitatu ni kama mgeni ambaye bado hajabisha hodi. Dada aliweka ahadi na mtu asiyekuwepo, na hakuna aliyeshuhudia alipoivunja. Mwenye sindano ana tarehe ya kwenda kliniki, na kuna muuguzi atakayegundua kwamba hakufika. Kuondoa sindano kuliondoa maumivu, na kuliondoa pia mtu anayekungoja.

Hapa namkumbuka mjomba wangu, aliyeugua kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomuua Noon mwaka 1913. Kanda yetu ina historia katika tiba yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo alishirikiana na mpango wa taifa wa Tanzania kujenga utaratibu ambao ndani yake mgonjwa humeza dawa mbele ya mtu mwingine, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza ulimwenguni. Kwa mjomba, mtu huyo alikuwa bibi. Kwa miezi sita mjomba alimeza vidonge vyake kila asubuhi mbele yake, akapona.

Je, jibu basi ni kumweka kila mgonjwa chini ya ulinzi? Sikubali. Kwanza, kumsimamia mtu mzima kila siku kunaweza kuwa namna ya kumdharau. Pili, tafiti zilizolinganisha wagonjwa wa kifua kikuu waliosimamiwa na wale waliomeza dawa wenyewe hazikuonyesha tofauti kubwa ya kupona. Tatu, hata wenye muuguzi wa kuwangoja, 77 katika 100 waliacha. Jicho la kukuangalia peke yake halitoshi.

Kwa hiyo nilijiuliza bibi alikuwa akifanya nini hasa. Nakumbuka vizuri: hakuwa akihesabu vidonge. Alikuwa akipika uji. Mjomba alimeza dawa kwa sababu alikuwa amekuja kunywa uji, na siku ambazo hakuona faida ya dawa, uji bado ulikuwa na maana. Bibi hakuwa askari. Alikuwa mwenzi, aliyeipa leo sababu wakati sababu ya kesho ilikuwa bado mbali.

Kwa kuhitimisha, naona kwamba subira ya muda mrefu si mali ya mtu mmoja. Simtoi dada lawamani kabisa, kwa maana hakuna awezaye kumwekea kidonge chini ya ulimi wake. Lakini nasi tuliomcheka tulikuwa na sehemu yetu. Tulipouita ugonjwa wake "mafua tu", tulimwacha avumilie peke yake jambo ambalo tayari tumelihesabu kuwa si kitu.

Januari hii ameanza upya, kidonge cha kwanza tena mbele ya daktari. Nilipojitolea kumkumbusha kila siku alikataa. "Usiwe polisi wangu," alisema. Tukakubaliana jambo jingine. Saa moja asubuhi kwake, saa tatu kwangu, hunipigia simu akiwa ameshaweka kidonge chini ya ulimi. Kwa dakika moja hatakiwi kumeza, kwa hiyo hanyanyui neno. Dakika hiyo ni yangu: namweleza bei ya ndizi, mvua ya Jinja, nani kaoa. Simuulizi habari za kidonge. Ukimya wake unatosha kunijulisha.