Je, Aliyeibiwa Amana kwa Simu Atalipa?



Mwaka 2022 tulikuwa Embu, mtaa wa Majengo, kwa mwaliko wa ndugu zetu wa huko, na kesho yake safari yetu ilikuwa ya Meru. Baada ya sala ya alasiri tukaletewa shauri lililokuwa limekwisha kuwagawa watu wa msikiti mmoja hata wengine hawaamkiani.

Mzee mmoja, mtu mwema asiyetiliwa shaka, alikuwa mshika fedha wa chama cha mazishi. Fedha za chama, shilingi 42,000, zilikuwa katika laini ya simu yake mwenyewe. Zama hizo serikali ilikuwa imeamrisha laini zisajiliwe upya, na watu wakipanga foleni kwa kuogopa kufungiwa. Akapigiwa simu na mtu aliyemwita kwa majina yake matatu, akamtajia nambari ya kitambulisho chake, akamwambia kwamba laini itafungwa jioni ile asipothibitisha nambari ya siri. Akaitaja. Baada ya muda kidogo simu ikafa mkononi mwake, kwani laini ilikwisha kuhamishiwa kwenye simu ya mwizi, na kabla ya isha fedha zote hazipo.

Wako waliosema: alipe, kwani ndiye aliyetoa ufunguo. Wengine wakasema: hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na mzee amedhulumiwa, vipi adhulumiwe mara ya pili na wenziwe? Na wako vijana waliokuwa wakicheka tu, na hao hatuna la kuwajibu.

Shauri hili lilitugusa kwa sababu nyingine pia. Sisi tumezipenda kompyuta tangu utotoni. Katika miaka ya 1990 tulikuwa tukisoma kwa masheikh asubuhi, na jioni tukienda kwa fundi mmoja wa Mombasa kumtazama akifungua mashine hizo. Sheikh wetu alipopata habari hakutukataza. Aliuliza: chombo hicho kina mlango? Tukasema kinao. Akauliza: na anayeingia hubisha hodi? Hatukuwa na jawabu, na swali hilo limetufuata mpaka leo.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walipozungumza juu ya wizi walishurutisha kwamba mali iwe imetolewa mahali pa hifadhi yake, napo huitwa hirzi. Wala hawakuipimia hirzi kwa dhiraa. Walisema desturi ya watu ndiyo yenye kuamua. Hirzi ya mbuzi ni zizi, na ya dhahabu ni sanduku lililofungwa ndani ya nyumba. (Neno hilo ndilo tulilolifanya sisi hirizi, tukalishona ngozini na kuwavika watoto shingoni, na maana yake ya kufunga mlango tukaisahau.) Basi tangu M-PESA ilipoanza, Machi 2007, desturi imegeuka mbele ya macho yetu. Mkulima wa miraa wa Maua hangojei lori lirudi na fedha kutoka Mombasa. Humfikia shambani, mfukoni mwake. Hukumu ya majani hayo, na ya muguka wa Mbeere uliopigwa marufuku Mombasa na Kilifi Mei 2024 na shauri lake likafika mahakama ya Embu, si maudhui yetu leo. Maudhui yetu ni sanduku. Na sanduku la mali hiyo ni tarakimu nne zilizo kichwani mwa mtu.

Kwa hiyo tuliwaambia: mzee hana dhambi, kwani alihadaiwa. Lakini kuondoka dhambi si kuondoka deni. Avunjaye chungu cha jirani kwa bahati mbaya hana dhambi, na chungu hulipwa. Aliyewekwa amana halipi ikipotea pasi na uzembe wake. Lakini akimwonyesha mwizi ilipo, atalipa, na kutojua kwake si udhuru mbele ya mali ya watu.

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akasema: "Sheikh, nitalipa. Lakini niambie, mtu yule alikijuaje kitambulisho changu?"

Swali hili tulikwenda nalo Meru. Huko tuliingia jengo moja la maofisi, na bawabu akatutaka tuandike daftarini jina, nambari ya kitambulisho na ya simu. Juu ya jina letu tukasoma za watu zaidi ya kumi, wala hapana aliyetuzuia. Daftari kama hizo ziko kila mlango wa nchi hii, na kwa miaka mingi zilikuwa hata kwa mawakala wa fedha za simu. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyechungulia katika tundu la nyumba yake, akabainisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi sisi tumezitoboa nyumba za watu matundu kwa kalamu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yamlazimisha akusanyaye habari za watu kuzihifadhi, na ile ya 2018 yamwadhibu aingiaye katika kompyuta ya mwenziwe bila idhini. Julai 2023 huduma za serikali za eCitizen zilizibwa na washambuliaji wa mitandao, na wengi waliodhani mambo haya ni michezo ya vijana wakakosa huduma walizozihitaji. Lakini tusiitazame serikali peke yake. Madrasa zetu je? Majina ya watoto na simu za wazazi wao zimo katika kompyuta isiyo na nambari ya siri, na kila apitaye huifungua.

Tuliporudi Embu tuliwauliza wanachama: mlimchagua mzee kwa nini? Wakasema: hakosi sala ya alfajiri. Tukauliza: nani aliyemuuliza kama aweza kusoma ujumbe wa simu? Wakanyamaza.

Deni ni lake na kusamehe ni kwao; wakataka kumsamehe lote. Akakataa, akakubali nusu, akalipa shilingi 1,000 kila mwezi kwa miezi 21. Fedha za chama sasa zimo katika akaunti isiyotoa kitu ila kwa idhini ya watu wawili. Mmoja ni msichana wa chuo kikuu, na wa pili ni mzee yule yule.