Haki na Chupa ya Sodiamu

Watu wengi hudhani kuwa haki ni kuvitendea vitu vyote sawa. Neno hili husikika sana mabwenini, hasa siku mwanafunzi mmoja apewapo ruhusa ambayo wenziwe wamenyimwa. Nataka kulipima kwa mizani isiyo na upendeleo wala chuki, yaani kwa kipande cha metali kilichomo kabatini mwa maabara.

Katika nchi ya chai, toka Kericho hata Bomet, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi huja alasiri. Majani ya chai, mifugo na mito, vyote vyaishi kwa mvua hiyo. Lakini katikati ya neema hii, ndani ya maabara ya shule, mna kitu ambacho maji ni adui yake. Sodiamu ni metali laini, hukatika kwa kisu kama sabuni. Uso uliokatwa hung'aa kama fedha, kisha hewa huufifiza upesi. Ikitiwa majini huelea, maana ni nyepesi kuliko maji; hukimbia huku na huku ikivuma, na kutoa haidrojeni, gesi iwezayo kushika moto. Kinachobaki majini ni soda kali iunguzayo ngozi. Ajabu ni kuwa maji ya Kericho, kwa sababu ya mwinuko wa nchi, huchemka penye digrii 93 hivi, na sodiamu huyeyuka penye digrii 98. Joto la birika halitoshi kuiyeyusha. Ugomvi wake na maji watosha.

Kwa hiyo huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Humo huzama, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko yenyewe, ikalala mbali na hewa na unyevu. Jirani yake, chumvi ya mezani, hukaa katika mkebe wa kawaida. Je, sodiamu imedhulumiwa? Asemaye ndiyo na akumbuke kuwa chumvi hiyo ni sodiamu iliyoungana na klorini, gesi ya sumu iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Wakali wawili walipokutana, kila mmoja alimtuliza mwenziwe. Kilichotulia hakihitaji mafuta. Kisichotulia, kukiacha wazi kwa jina la usawa ni kukiangamiza, pamoja na mtoto aliye karibu.

Hapa sharti tujihadhari. Yuko atakayesema, "Mimi ni kama sodiamu, hasira ndiyo tabia yangu." Hoja hiyo siikubali, kwa kuwa metali haina hiari, na mtu anayo. Lakini mlezi naye asijifiche nyuma ya chupa. Mafuta hayaiadhibu sodiamu. Itolewapo na kukatwa, hung'aa kama zamani. Mwanafunzi aliyetengwa muda mrefu akarudi amefifia, huyo hakuhifadhiwa.

Jina nalo lina sehemu yake katika haki. Humphry Davy alipoitenga metali hii kutoka katika soda kali kwa nguvu ya umeme, London, mwaka 1807, aliipa jina kwa ajili ya soda hiyo. Wajerumani huiita natrium, ndiyo maana alama yake ni Na. Neno hilo lina asili yake katika natroni ya Misri ya kale. Sisi tuna magadi, ambayo akina mama hutia katika mboga, na Ziwa Magadi lililoko katika Bonde la Ufa lajulikana kwa hayo. Majina ni mengi, lakini chupa ni moja, na atakayeifungua kesho huenda asijue hata moja. Kuandika juu yake kilichomo, kwa herufi zisomekazo, ni deni la aliyeiweka. Tena mafuta hupungua kidogo kidogo, na kipande kikichomoza juu huanza kufunikwa na ganda jeupe. Basi mtunzaji hana budi kurudi kabatini mara kwa mara, atazame, na kuongeza.